Kusoma ufundi wa uzalishaji viwandani katika chuo kidogo cha VETA: namna ya kutoka ukiwa fundi kweli

Nilisoma ukerezaji wa vyuma, yaani kuchonga kwa kisu chuma kinachozungushwa na mashine, katika chuo kidogo cha serikali, wilayani. Karakana yetu ilikuwa na mashine 4 za kukereza, 2 ndizo zilizokuwa zinafanya kazi, na darasani tulikuwa 26. Leo niko kwenye karakana inayotengeneza vipuri vya viwandani, na kila mwaka tunapokea vijana wa fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, kutoka vyuo vikubwa na vidogo. Siku mbili tatu zinanitosha kumjua aliyeshika mashine na aliyekuwa akiitazama kwa mbali, ingawa karatasi zao zinafanana. Chuo kidogo kinaweza kukutoa fundi wa uhakika, ila ratiba yake peke yake haikufikishi huko. Saa za kukaa kwenye mashine utazitafuta mwenyewe, na hapa chini ni namna ya kuzitafuta.

Hatua ya 1: Nenda ukaione karakana kabla ya kujaza fomu

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ya Tanzania, VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Ina vyuo vya mikoa, na miaka ya karibuni serikali imekuwa ikijenga vingine wilayani. Kuna pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vinavyofundisha baadhi ya fani za ufundi. Anayetaka kazi ya uzalishaji viwandani aangalie hasa fani tatu: ufundi mitambo, ukerezaji, na uchomeleaji na uundaji wa vyuma. Si kila chuo kina zote, kwa hiyo soma tangazo la mwaka husika, pamoja na masharti ya kujiunga na fani unayoitaka.

Kisha panda daladala uende. Omba kwa heshima kuonyeshwa karakana. Walimu wengi wa ufundi wanafurahi mtu akija kuuliza kabla ya kujiunga. Ukiingia, usibabaishwe na rangi ya ukuta. Inama uangalie chini ya mashine ya kukereza. Ukiona nyuzi za chuma zilizojisokota, zinazong'aa au zenye rangi ya bluu, mashine hiyo ilikuwa kazini jana au leo. Ukikuta vumbi na utando wa buibui, mashine ni ya maonyesho. Pitisha kidole kwenye reli zake: zinatakiwa ziwe na mafuta membamba na safi, zisiwe na kutu. Uliza maswali matatu: mashine zinazofanya kazi ni ngapi, wanafunzi wa fani hiyo ni wangapi, na chuma cha kufanyia mazoezi kinatoka wapi. Chuo kinachopokea kazi za nje, kama meza za shule, mageti na shafti za mashine za kusaga, mara nyingi kina chuma na wanafunzi wake wanagusa kazi ya kweli. Kwangu mimi jibu la swali la tatu lina uzito kuliko majina ya mashine.

Hatua ya 2: Maombi na fedha

Kozi ndefu huanza Januari, na maombi hupokelewa miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia. Ada ya kozi ndefu katika vyuo vya VETA kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Ni ndogo, na wazazi wengi wakiisikia wanadhani mambo yameisha hapo. Hayajaisha. Kuna ovaroli, buti ngumu, miwani ya usalama, vifaa vya kuchorea, nauli au kodi ya chumba, na chakula cha miezi yote. Kaa na mzazi au mlezi mpige hesabu ya mwaka mzima kabla ya Januari, maana wenzangu watatu walioacha chuo hawakushindwa ada. Walishindwa kodi ya chumba mwezi wa tano.

Ukipata fedha ya ziada, nunua kitu kimoja tu: venia yako mwenyewe, kile kipimo chenye taya za kuteleza, ya chuma, ya milimita 150. Za chuo zitakuwa chache na zimeshaanguka sakafuni mara nyingi. Venia nzuri utakuwa nayo miaka kumi.

Hatua ya 3: Ipende jiriwa

Wiki za kwanza hutawekwa kwenye mashine. Utapewa kipande cha chuma laini, tupa na jiriwa, kile kibano cha mezani, uambiwe ukifanye kiwe mraba na bapa pande zote. Wengi hukasirika hapa. Wanasema hawakuja chuo kusugua chuma kama wafungwa. Mimi pia nilikasirika, na nilikosea.

Simama mguu wa kushoto mbele, jiriwa ikifika usawa wa kiwiko chako. Tupa inakata ikienda mbele, kwa hiyo kandamiza ukisukuma na ulegeze ukirudi. Ukikandamiza ukirudi unayaua meno yake bure. Paka chaki ya ubaoni kwenye tupa kabla ya kuanza, ili vumbi la chuma lisigande katikati ya meno na kuchuna kazi yako. Tatizo la kila anayeanza ni mikono kuyumba kama inaendesha baiskeli, na kipande kinakuwa na mgongo: katikati juu, kingo chini. Utalijuaje? Weka skwea juu ya kipande, ukiinue mbele ya dirisha, utazame mwanga unaopenya katikati yao. Mwanga ukionekana kingoni na katikati giza, una mgongo. Rudi jiriwani.

Siku mwanga ulipokuwa mstari mmoja mwembamba sawasawa kutoka upande hadi upande, mwalimu wangu hakusema kitu, alinipa tu kipande kingine. Ndipo nilipoelewa kwamba jicho langu lilikuwa limejifunza. Mtu aliyepita jiriwani vizuri anahisi kwa mkono kisu cha mashine kinapokata na kinaposugua, na hilo hakuna kitabu kinachokupa.

Jifunze pia hapo kutoboa na kukata hesi, yale meno ya bolti na nati. Kanuni ni rahisi: toa umbali wa hesi kwenye kipenyo cha bolti. Bolti ya M10 ya kawaida, yaani ya kipenyo cha milimita 10, ina umbali wa milimita 1.5 kati ya jino na jino, kwa hiyo keekee yako iwe ya 8.5. Zungusha tapu, chombo cha kukatia hesi ndani ya tundu, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, na mafuta yasikosekane. Tapu ikikatikia ndani ya kazi, hutaisahau siku hiyo.

Hatua ya 4: Kupima ndiyo kazi yenyewe

Mashine hukata tu. Anayejua kwamba kitu kimefaa ni mpimaji. Kwa hiyo hatua hii nitaikalia.

Anza na venia. Nyingi zina uwezo wa kusoma sehemu 0.02 za milimita. Soma kwanza kipimo kikubwa mpaka kwenye sifuri ya kipimo kidogo, tuseme 24. Kisha tafuta mstari wa kipimo kidogo uliolingana kabisa na mstari wowote wa juu. Ukiwa ni wa 13, zidisha kwa 0.02, upate 0.26. Jibu ni 24.26. Fanya zoezi hili kwa kila unachokutana nacho: sarafu, kifuniko cha soda, kitasa, bolti ya kitanda. Fanya na mwenzako bila kuambiana, kisha linganisheni. Mpaka mkikubaliana mara 20 mfululizo, bado hamjaweza.

Maikromita, kipimo cha kuzungusha kinachobana kazi kati ya ncha mbili, inasoma 0.01, na inadai mkono mwepesi. Kaza kwa kutumia kile kitasa kidogo cha mwisho kinachotoa mlio, usikaze kwa kubana ngoma yake. Kabla ya kupima, ifunge uone kama inasoma sifuri.

Sasa nikueleze kosa langu, maana lilinifundisha kuliko mtihani wowote. Nikiwa fildi nilipewa nikereze shafti ya mashine ya kusaga mahindi, mahali pa kukaa beringi ya namba 6308. Namba mbili za mwisho za beringi ukizizidisha kwa 5 unapata tundu lake: 08 mara 5 ni 40. (Kanuni hii inaanzia 04 kwenda juu, chini ya hapo kuna vipimo vyake.) Shafti ya beringi namna hiyo kwa kawaida hukerezwa kwa kiwango kinachoitwa k6, yaani kati ya milimita 40.002 na 40.018, ili beringi iingie kwa kubana. Nafasi yote niliyokuwa nayo ilikuwa 0.016, nyembamba kuliko unywele.

Nilikata, nikapima palepale chuma kikiwa bado cha moto. Maikromita ikasema 40.01. Nikafurahi, nikatoa kazi. Iliyopoa ilikuwa 39.99. Chuma hutanuka: kipenyo cha milimita 40 kikipata joto la nyuzi 40 zaidi kinaongezeka karibu 0.02. Kosa la joto peke yake lilikuwa kubwa kuliko nafasi yote niliyoruhusiwa. Beringi iliingia kwa mkono, laini, nikadhani hiyo ni sifa. Siku ya nne mama mwenye mashine alirudi: shafti ilikuwa inazunguka ndani ya beringi, imejila, na watu wa mtaa wake walikuwa wanabeba mahindi kwenda kusaga mbali. Tangu siku hiyo sipimi kipimo cha mwisho kabla kazi haijapoa mpaka niweze kuiwekea kiganja bila kuhisi joto. Nawe ufanye hivyo hivyo.

Hatua ya 5: Zitafute saa za mashine

Ratiba itasema mna vitendo siku tatu kwa wiki. Gawanya saa hizo kwa wanafunzi na mashine zilizopo, utaona zamu yako halisi ni dakika chache tu. Haya ndiyo yaliyonisaidia.

Fika karakana mapema kuliko wote, ufagie na upake mafuta mashine bila kuagizwa. Anayesafisha mashine ndiye mwalimu anayemwita kwanza akihitaji mtu, na kwa kusafisha unajifunza kila mkono na kila gia ilipo. Mtunza stoo mheshimu kama mwalimu. Vifaa vyote viko kwake. Siku za mtihani wa nadharia wengi hujifungia wakikariri na karakana inabaki tupu, basi soma nadharia mapema ili siku hizo uwe kwenye mashine. Umeme ukikatika usiende kulala: chora, au rudi jiriwani. Na zamu ya mwenzako iangalie ukiwa na daftari mkononi. Andika kasi aliyotumia, kina cha kukata, na kilichotokea. Nusu ya ninayoyajua niliyapata kwa makosa ya wenzangu, nao kwa yangu.

Ukiitwa, uwe umeshapiga hesabu. Mwanafunzi anayefika kwenye mashine ndipo aanze kuuliza kasi amepoteza nusu ya zamu yake. Hesabu ni hii: chukua kasi ya kukata kwa mita kwa dakika, zidisha kwa 1,000, gawanya kwa 3.14 mara kipenyo. Chuma laini kwa kisu cha kawaida cha stili ya kasi, anza na mita 25. Shafti ya milimita 45 inakupa 25,000 gawanya kwa 141.3, yaani mizunguko 177 hivi kwa dakika. Mashine haitakuwa na 177 kamili. Chukua iliyo karibu chini yake. Kisu cha kabidi, ambacho ni kigumu kuliko stili, kinavumilia kasi kubwa zaidi ya hapo mara kadhaa, lakini usianze nacho, maana kinaficha makosa ya mkono.

Angalia pia gurudumu la kuingiza kisu. Kwenye baadhi ya mashine alama zake zinahesabu kipenyo, kwenye nyingine zinahesabu nusu yake. Ukichanganya, unaweza kukata mara mbili ya ulichokusudia na kazi imekufa. Uliza, au ukate kidogo kwanza, upime, ndipo uendelee.

Usalama hauna mjadala. Usivae glovu kwenye mashine inayozunguka, kamwe. Mikono ya ovaroli ikunjwe au ifungwe, pete ivuliwe, nywele zifunikwe, na dada zetu ushungi uchomekwe wote ndani ya ovaroli. Ufunguo wa chaki, ile taya inayoshika chuma, usiuache umechomekwa kwenye chaki hata kwa nukta moja. Mkono ukitoka, ufunguo utoke nao. Mashine ikiwashwa ufunguo ukiwa pale, unaruka kama risasi. Nyuzi za chuma toa kwa ndoano au brashi, mashine ikiwa imesimama. Mwalimu akikufukuza karakana kwa kosa moja kati ya haya, mshukuru.

Hatua ya 6: Kipande cha ishirini

Fundi wa mtaani anatengeneza kitu kimoja kizuri. Fundi wa uzalishaji anatengeneza 20 vinavyoingiliana, cha kwanza na cha mwisho visitofautiane. Vyuo vidogo mara nyingi hukupima kwa kipande kimoja, kwa hiyo zoezi hili itabidi ujipe.

Omba vipande vya chuma vilivyobaki, utengeneze bushi 20, vile vipande vya duara vyenye tundu katikati, za kipimo kimoja. Pima muda wa kila moja. Bushi yangu ya kwanza ilinichukua dakika 25 na nikaiona nzuri. Ya tano ilinichosha. Kufikia ya nane nikaanza kujiuliza kwa nini nabadilisha kisu mara tatu kwa kila kipande, wakati ningeweza kutoboa vyote kwanza, kisha kukereza vyote nje, kisha kukata vyote urefu. Nikaweka kizuizi kwenye reli ili kila kipande kiishie palepale bila kupima upya. Bushi ya mwisho ilichukua dakika 9. Hapo nikaelewa somo ambalo darasani liliitwa mpangilio wa kazi na nilikuwa nimelikariri bila kulionja.

Zipange zote mezani, upime kila moja, uandike. Utaona vipimo vinahama taratibu upande mmoja kadiri kisu kinavyolika. Ukijua kinahama kiasi gani baada ya vipande vingapi, unajua lini kukinoa kabla ya kuharibu kazi. Viwanda vikubwa vina watu wa kuangalia jambo hilo tu.

Hatua ya 7: Fildi

Anza kutafuta nafasi miezi mitatu kabla. Usipeleke barua moja ukasubiri; peleka kumi, kwa miguu, ukiwa na ovaroli safi kwenye begi endapo watakuambia uingie leo leo, kama nilivyofanya mimi. Wala usijione omba-omba. Waajiri wakubwa hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, na sehemu ya fedha hiyo ndiyo inayoendesha mafunzo ya ufundi stadi, kwa hiyo mafunzo yako tayari yana mkono wao.

Kiwanda kikubwa kitakuonyesha mfumo. Karakana ndogo itakupa mashine. Kama umetoka chuo chenye mashine 2, nakushauri karakana ndogo kwanza. Karakana za kwenye mitaa ya viwanda ya SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ni mahali pazuri: utakuta anayetengeneza mashine za kukamua alizeti, za kukoboa mpunga, za kutengeneza tofali, na utaona mashine nzima ikizaliwa kutoka kwenye mchoro. Wiki ya kwanza usijifanye unajua kila kitu. Waite waliokutangulia mafundi, hata aliye mdogo kwako kwa umri, na uulize kabla ya kugusa. Kila jioni jaza kitabu cha fildi kwa mchoro na vipimo. "Leo tulifanya kazi ya shafti" haimsaidii yeyote, na wewe mwenyewe mwakani hutaielewa.

Hatua ya 8: Kabla ya kuondoka chuoni

Mafunzo ya ufundi stadi yana ngazi tatu za kitaifa. Usiishie ya kwanza kama uwezo wa nyumbani unaruhusu. Anayemaliza ya tatu ana njia ya kuendelea na ngazi ya mafundi sanifu, kwenye vyuo kama Chuo cha Ufundi Arusha au Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, akitimiza masharti ya udahili. Kama una ndugu aliyejifunzia mtaani na ana mkono mzuri lakini hana cheti, mwambie VETA hutathmini na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Akaulize chuo cha karibu.

Mkitaka kujiajiri, jiungeni kikundi mkiwa bado chuoni, mkerezaji, mchomeleaji na mwenye kujua umeme. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 vya vijana na 2 vya watu wenye ulemavu. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuanza naye. Msikimbilie kukopa mashine ya kukereza mpya. Mwanzoni mashine ya kuchomelea, grainda, keekee ya mezani na venia zenu vinatosha kuleta kazi, na ya kukereza mnaweza kukodi kwa saa kwa mwenye nayo.

Na kama unatafuta ajira, chukua boksi dogo la mbao. Weka kipande chako cha jiriwani, bushi mbili kati ya zile 20, ya kwanza na ya mwisho, bolti yenye hesi uliyoikata mwenyewe, na karatasi ya vipimo vyake. Vipake mafuta visipate kutu, uvifunge kwa kitambaa. Ukiitwa usaili, fomeni akikuuliza umesoma nini, fungua boksi, mpe venia yako, umwombe apime.